Feza ya Nyumba: Kadi ya pointi na vakansi ya watoto



Shule zinakaribia kufunga. Mitihani ikiisha, watoto wataingia katika vakansi mpaka mwezi wa tisa, na kila nyumba inajua swali linalokuja: "Mama, tutaenda wapi?" Mwaka huu swali hilo limeingia mpaka katika mkutano wetu. Siku ya posho iliyopita, mama mmoja wa kikundi alileta karatasi aliyopewa na kijana mmoja anayezunguka akitafuta wateja wa banki. Karatasi inaonyesha baba, mama na watoto wawili wanaocheka kwenye mchezo wa maji. Chini imeandikwa kwamba ukichukua kadi ya mkopo na kulipia vitu nayo, utapata pointi, na pointi zitakusaidia kupeleka familia matembezi.

Wamama sita waliinua mkono siku ileile. Wanataka kupeleka watoto Uganda, waone simba na twiga pale Entebbe, walale siku mbili Kampala, kisha warudi. Wanaomba kikundi kiwasimamie kama mdhamini, maana hawana mshahara unaopita banki. Mkutano ujao tutapiga kura. Kwa hiyo wiki hii tumeona vizuri tuandike wazi yale tunayoyajua juu ya kadi hizi, kila mmoja aje akiwa amefanya hesabu yake nyumbani.

Kwanza tuseme neno moja. Hatuwacheki wamama hao sita. Watoto wetu wamezaliwa katika kukimbia. Wengine wanajua njia ya kambi ya wakimbizi kuliko njia ya kwenda kucheza. Wengine wana bibi na shangazi waliovuka ziwa mwaka 2018 wakabaki Kyangwali, na hawajaonana tangu siku ile. Mama anayetaka mtoto wake apande basi kwa furaha, si kwa hofu, hatafuti anasa. Anatafuta kitu ambacho mtoto atakikumbuka akikua. Tunalolizungumza hapa ni njia ya kulipia tu.

Pointi zinatoka wapi?

Dada wa mmoja wetu anaishi Marekani. Tulimuuliza, akatutumia sauti ndefu kwenye simu. Kule, anasema, familia nyingi huchagua kadi kwa kufikiria safari ya watoto. Kampuni ya Disney, iliyofungua bustani yake ya michezo ya Disneyland kule California mwaka 1955, ina hata kadi yake yenyewe, inayotolewa pamoja na banki Chase. Mtu analipia chakula, mafuta ya gari na nguo kwa kadi, kila malipo yanamletea kitu kidogo, na mwisho anakitumia kulipia tiketi au hoteli.

Banki haitoi zawadi hiyo kwa huruma. Kila unapolipa dukani kwa kadi, mwenye duka anakatwa kiasi kidogo. Sehemu ya kile kilichokatwa inarudi kwako kwa jina la pointi. Sehemu nyingine ya faida inatoka kwa watu wasiomaliza deni lao mwisho wa mwezi, kwa sababu hao wanalipa riba. Ndiyo kusema, anayelipa deni lote kwa wakati anafurahia pointi, na anayechelewa ndiye anayezigharimia.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili si geni. Wakenya wana pointi za Bonga za Safaricom tangu mwaka 2007: ukitumia simu, unapata pointi, unazibadilisha kwa dakika za kuongea au kwa vitu. Lakini pointi za simu hazina deni nyuma yake. Ya kadi ya mkopo ina deni, na hapo ndipo tunapaswa kufungua macho.

Kadi tatu zisizofanana

Wengi wetu tunasema "kadi ya banki" kama vile ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu.

Ya kwanza inatoa feza yako mwenyewe iliyo katika konti. Kama konti ina dolari 50, huwezi kutumia 60. Ya pili unaijaza kwanza, kama unavyoweka feza kwenye M-Pesa au Airtel Money, kisha unatumia kile ulichojaza. Ya tatu ndiyo kadi ya mkopo: unatumia feza ya banki, na banki inakuandikia deni. Kadi nyingi tunazoziona mikononi mwa watu hapa Bunia ni za aina ya kwanza na ya pili. Ile ya karatasi yetu ni ya tatu. Mtu akikuambia "chukua kadi", swali lako la kwanza liwe: feza iliyo ndani ni ya nani?

Tufanye hesabu

Hatutaji banki yoyote, na bei za kila banki ni tofauti. Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Tuseme kadi inakurudishia dolari 1 kwa kila dolari 100 unazolipa.

Dada yetu wa Marekani anapitisha kwenye kadi dolari 1500 kila mwezi, maana kule hata mkate analipia kwa kadi. Kwa mwaka ni dolari 18000. Anapata dolari 180. Hiyo ni kitu.

Sasa tuje Ngezi. Sombe tunanunua kwa franga mkononi. Makaa, franga mkononi. Samaki, mafuta ya mawese, taksi-moto, unga wa mihogo, fundi wa cherehani, yote franga mkononi. Mama wa soko kuu hana mashine ya kadi, na hataki kuisikia. Tulikaa tukahesabu matumizi ya nyumba nne za wanakikundi. Kile ambacho kingeweza kupita kwenye kadi, katika maduka makubwa tu, hakikufika dolari 30 kwa mwezi katika nyumba yoyote. Dolari 30 mara miezi 12 ni dolari 360. Zawadi yake ni dolari 3 na senti 60. Kama kadi yenyewe inakatwa dolari 1 tu kila mwezi kwa utunzaji, umelipa 12 ili upate 3 na nusu.

Tutazame upande wa deni. Tuseme mama anatumia kadi kulipa dolari 200 za safari, riba ni 3 kwa 100 kila mwezi, naye anarudisha dolari 20 kila mwezi bila kukosa. Atalipa mwaka mzima, na mwezi wa 13 bado anadaiwa kidogo. Jumla atakuwa amelipa karibu dolari 241. Pointi alizozipata kwa zile 200 ni dolari 2. Riba aliyolipa ni 41. Kwa hizo 41 angenunua nini? Madaftari, viatu na sare za watoto wawili, na sukari ya chai ingebaki.

Tena hesabu hii ni ya mama asiyekosa hata mwezi mmoja. Katika Bunia yetu, nani anajua mwezi ujao? Njia ikifungwa, mzigo unabaki Mahagi. Mtoto akishikwa na malaria, feza inaenda hospitali. Banki haiulizi kama njia ilifungwa.

Yaliyotupata sisi

Tuseme na aibu yetu, maana anayefundisha bila kusema alikoanguka hafundishi. Miaka michache iliyopita, watatu kati yetu tulichukua mkopo wa vakansi mahali fulani. Tuliambiwa kuna zawadi kwa wateja wapya. Tulipeleka watoto Kampala. Watoto walifurahi, hilo hatulikatai. Mmoja mpaka leo anasimulia daraja la Pakwach na maji ya Nile chini yake.

Lakini zawadi ilikuwa na masharti ambayo hatukuyasoma: ilitakiwa kwanza kutumia kiasi kikubwa ndani ya miezi mitatu. Hatukukifikia, hatukupata kitu. Safarini, kwenye vituo vya basi na nyumba za kulala tulizoziweza, hakuna aliyetaka kadi. Tulikwenda kutoa feza kwenye mashine, tukakatwa ya kutoa, tukakatwa tena ya kubadilisha kuwa shilingi za Uganda. Mwezi wa tisa ulifika. Deni likasema nipe, shule ikasema nipe. Mtoto wa mmoja wetu, yule aliyependa daraja, alirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya minervali. Alikuwa sekondari, na elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya primere tu. Alimuuliza mama yake: "Kumbe tulikula minervali yangu kule Kampala?" Mama yake hakuwa na jibu.

Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Sisi tuliijua methali hiyo toka utoto. Tulidhani ni ya watu wengine.

Kadi ina faida gani kwetu basi?

Haitakuwa haki tukisema kadi haifai kabisa. Kuna faida moja ambayo karatasi ya yule kijana haikuitaja, nayo kwetu ni kubwa kuliko pointi: usalama.

Kutoka hapa mpaka Mahagi, kisha Goli mpakani, mama mwenye dolari 300 ndani ya kitenge hasafiri kwa amani. Kila kizuizi moyo unapiga. Dolari zikipotea zimepotea. Zikiloa au kupasuka kidogo, hakuna atakayezipokea. Kadi ya kujaza, yenye feza yako mwenyewe, ikiibwa unapiga simu banki, wanaifunga, na feza yako inabaki. Hiyo ndiyo kadi tunayoweza kumshauri mama anayesafiri: ijaze kwa kiasi cha safari tu, beba na kiasi kidogo cha shilingi za njiani, na namba ya siri ikae kichwani, isiandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko uleule.

Faida ya pili ni jina lako. Wamama wakubwa kati yetu wanakumbuka Kodi ya Familia ya mwaka 1987, ambapo mwanamke aliyeolewa alitakiwa kuwa na ruhusa ya bwana wake kwa mambo ya sheria kama hayo. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa sharti hilo. Leo mama anaweza kufungua konti kwa jina lake. Tunaomba haki hii itumike kwanza kwa kuweka akiba, kabla ya kutumika kwa kuandika deni. Na kuwa na haki si kuficha: zungumzeni na baba watoto. Deni linalojulikana na mmoja tu ndani ya nyumba huleta vita siku linapogunduliwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kwa mama atakayetaka kuendelea hata hivyo, hatumzuii. Aende banki yenyewe, si kwa kijana wa njiani, na aulize haya, tena aombe yaandikwe:

Kadi inakatwa kiasi gani kwa mwezi na kwa mwaka, hata nisipoitumia?

Riba ni ngapi kwa mwezi, na inaanza kuhesabiwa siku gani?

Nikichelewa siku moja, ninaongezewa nini?

Pointi zinaisha baada ya muda gani, na zinatumika wapi? Pointi za hoteli isiyo katika njia yako ni karatasi tu.

Nikitoa feza kwenye mashine ya nchi nyingine ninakatwa nini?

Na la mwisho: nikishindwa, mtamfuata nani? Kama jibu ni "kikundi chako", basi swali si lako peke yako tena. Ni la kila mama aliyeweka dolari yake ndani ya sanduku.

Njia tunayoipendekeza

Sanduku letu linatosha kufanya kazi hii, tukilipangia. Kikundi chetu ni AVEC kama nyingine nyingi, za mtindo ulioanza na wanawake wa Niger mwaka 1991. Tuna funguo tatu kwa watu watatu, kila mmoja na kitabu chake, na mwisho wa mzunguko tunagawana. Zamani mama zetu walikuwa na likelemba tu, zamu kwa zamu. Sisi tumepata na faida ya mikopo juu yake, na faida hiyo inabaki kwetu.

Tunapendekeza kuanzia mwezi wa tisa, yeyote anayetaka afungue kitabu cha pili, cha rangi tofauti, kwa ajili ya vakansi. Dolari 4 kwa wiki, kwa wiki 40, ni dolari 160, bila kuhesabu faida. Asiyeweza 4 aweke 2. Kitabu cha minervali kibaki mbali, na mtu asiruhusiwe kuhamisha kutoka kile cha minervali kwenda cha vakansi. Kinyume chake kinaruhusiwa. Ugawaji ufanyike mwisho wa mwezi wa sita, ili feza isilale nyumbani ikitafutwa na kila mwenye shida.

Wanaotaka Entebbe wasafiri pamoja. Familia sita zikienda pamoja zinaweza kupatana bei ya basi na ya kulala, na punguzo la namna hiyo linazidi pointi za miaka. Bustani ile ya wanyama, iliyoanza mwaka 1952 kama mahali pa kulea wanyama waliopotelewa na mama, iko kando ya ziwa Viktoria, na mtoto anaweza kuzunguka humo siku nzima. Mapema mwende DGM kuuliza hati za watoto, na karatasi ya ruhusa kama mzazi mmoja anabaki. Karati ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau. Mtoto kurudishwa Goli baada ya safari yote ile ni uchungu usio na pointi.

Wengine wameuliza: kwa nini tusipeleke watoto Epulu, waone okapi wa kwetu? Tungependa sana. Mnyama yule anaishi katika misitu ya Kongo tu, na hifadhi yake iko katika jimbo letu hili la Ituri. Lakini mwaka 2012 kituo cha Epulu kilishambuliwa, watu wakauawa, na okapi waliokuwa wakitunzwa pale wakauawa pia. Siku njia ya Mambasa itakapotulia na kituo kikisimama tena, tutaandika ukurasa huu kwa furaha kuliko wote. Tunalisema ili watoto wajue kwamba nyumbani pia kuna cha kuonyesha wageni.

Na vakansi hii, ya mwaka huu?

Mama mwenye kitabu kitupu asijione maskini. Tumekubaliana kama komite kutoa siku moja ya watoto, katikati ya mwezi wa saba, hapahapa Bunia, kwenye kiwanja chenye miti. Kila familia italeta chungu kimoja. Kutakuwa na mpira, kamba ya kuruka, hadithi za wazee, mikate na Fanta, na mpiga picha mmoja ili kila mtoto abaki na picha yake. Mchango ni franga 5000 kwa familia, na asiye nazo aje na kuni au na mikono.

Kwa kura ya siku ya posho, msimamo wetu sisi wa ukurasa huu ni huu: kikundi kisiwe mdhamini wa kadi ya mkopo kwa ajili ya matembezi. Kwa kitabu cha pili, tunasema ndiyo. Lakini sisi ni sauti chache tu kati ya wengi. Wale wamama sita watapewa nafasi ya kusema kwanza, na tunaomba wasikizwe mpaka mwisho bila kukatwa neno.

Mje na vitabu vyenu, na kalamu. Yule mtoto wa daraja sasa ni kijana wa sekondari ya juu. Amejitolea kuja kutusaidia hesabu ubaoni. Anasema anataka wadogo zake waone Nile, na wakirudi, wakute kiti chao darasani bado kinawangoja.

Tuonane siku ya posho, saa nane.